Mita Tatu Nilizopima kwa Kitenge

Kabla hujabisha hodi nyumbani kwa mtu na karatasi mkononi, vaa viatu vya kufunika vidole. Nyua za mtaa wa Bellevue, nilikofanyia kazi hii, zina mbwa, zina vipande vya chupa, na wakati ule zilikuwa na maji taka. Halafu usianze na karatasi. Iache mfukoni. Salimia, uliza habari za watoto, kaa pale unapokalishwa hata kama ni juu ya ndoo, na chai usiiguse mpaka umeshasema kilichokuleta. Ukinywa chai yao kwanza wataona haya kukukatalia, na sahihi ya mtu mwenye haya haina maana. Hilo nilichelewa kulijua.

Nawaandikia ninyi vijana wa kanisani mnaokwenda kufanya kazi ya mlango kwa mlango, kwa sababu nasikia mnasema ni kazi rahisi, unatembea tu na kuongea. Mimi niliifanya tangu 2015 mpaka magoti yalipokataa mwaka 2019, na usingizi ulionipotea humo haujarudi wote. Sikusoma zaidi ya darasa la nne, kule Bukavu. Mkiona nimekosea kuandika, sahihisheni kimyakimya.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mabomba ya maji taka ya mitaa ile yaliwekwa zamani, nyumba moja ikiwa na familia moja. Siku hizi nyumba moja ina vyumba kumi, kila chumba na watu wake, na bomba ni lile lile. Mvua ikinyesha, chemba za uani zinafumka na uchafu unaingia mpaka jikoni. Manispaa ikasema haiwezi kubadilisha yote kwa haraka. Ndipo likaja wazo la kuunda distrikti: mitaa michache inajiunga kwa ajili ya huduma moja, inachagua kamati yake, kila mwenye nyumba anatozwa kodi ya nyongeza, na kodi hiyo ndiyo inayojenga bomba jipya.

Distrikti ikishapitishwa inakuwa na nguvu mbili ambazo watu waliziogopa, na walikuwa na haki ya kuogopa. Kwanza, hata aliyekataa analipa. Pili, bomba likihitaji kupita uani kwako, distrikti kupitia manispaa inaweza kukichukua kile kipande cha ardhi na kukupa fidia, upende usipende. Ili ipite, zaidi ya nusu ya wenye nyumba lazima waweke sahihi. Baada ya hapo kuna siku za pingamizi, na mtu anaweza kuondoa sahihi yake mpaka siku ya mwisho. Nguvu hizo mbili usizifiche hata siku moja. Zitaje mapema, kabla mtu hajauliza.

Mzee mmoja Mtanzania wa kona, mwenye mbwa wawili, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mama, miaka yote mimi ndiye ninayesimama foleni kuiomba nchi hii karatasi. Leo nchi imekuja kwangu na karatasi, inaomba. Kaa kidogo, nifurahi kwanza."

Nikakaa. Akafurahi. Akauliza, "Na nisipotaka?"

"Wengine wakitaka, utalipa."

"Afadhali wewe unasema."

Hakuweka sahihi. Lakini mpaka leo tukikutana sokoni ananinunulia soda.

Kampuni iliyopewa kazi ya kukusanya sahihi ilikuwa na ofisi Newtown. Ilinichukua kwa sababu nilikuwa nimeuza vitenge soko la Yeoville miaka mingi, Wakongo na Warundi na Watanzania wenye nyumba walinijua, na Kifaransa ninacho cha kuombea maji. Walinipa jaketi lenye rangi ya kung'aa na kijana wa ofisini akanisomea ile karatasi mara saba mpaka nikaishika kichwani.

Aliyenifundisha kazi hasa ni Ntate Molefe. Ntate ni baba kwa lugha yao. Alikuwa amefanya kazi maisha yake yote kwenye mifereji ya mji huu, na kampuni ilimwita kutoka nyumbani alikostaafu. Alinifundisha kusimama juu ya chemba na kusikiliza: maji yakikimbia, bomba ni zima, yakigugumia kama mtoto mwenye kifua, mwambie mama mwenye nyumba ainue vitu vyake sakafuni. Alinifundisha kuomba bili ya manispaa kabla ya kutoa kalamu, ili nijue mwenye nyumba ni nani. Wiki yangu ya kwanza sikuomba. Niliingia ua mmoja, mkubwa wa pale akanipokea vizuri, akaweka sahihi, na wote wakapanga mstari nyuma yake. Kumbe ni wapangaji watupu. Ukurasa wote ukafutwa. Nilipowarudia kuwaeleza, mama mmoja alinijibu, "Tuliweka kwa sababu hakuna aliyewahi kutuuliza."

Na kuna neno moja Ntate alilirudia kila asubuhi tukishuka teksi. "Mama, usimwambie mtu habari ya ukuta wake kwa kukisia. Ngoja tepu ya kupimia."

Nilikuwa namjibu, "Sharp, Ntate," yaani sawa, baba. Kama ninyi mnavyonijibu mimi.

Ilikuwa 2017, mvua za kwanza zinakaribia, na sahihi zilikuwa hazijafika nusu. Palibaki mtaa mmoja, na mtaa huo wote ulikuwa unamtazama Mama Espérance. Ni mjane wa Bukavu kama mimi, msusi, tunasali kanisa moja. Nyumba ile aliinunua pamoja na marehemu mumewe, aliyekuwa mlinzi, kwa miaka ya kulala njaa. Vyumba vya mbele amepangisha. Yeye na dada yake wanakaa chumba cha nyuma, kilichojengwa karibu na uzio.

Huyo dada yake tunamwita Yaya Faida, kwa sababu kwetu dada mkubwa ni yaya. Alikuwa fundi cherehani hodari, nguo za arusi za nusu ya wanawake wa kanisa ni mkono wake. Kisha macho yakazimika. Chumba kile anakijua kwa mikono. Kitanda kimegusa ukuta wa nyuma, kutoka hapo hatua nne mpaka mlangoni, mkono wa kulia bomba la maji, kushoto kamba ya nguo. Anapika mwenyewe, anafua mwenyewe. Mahali pengine popote anahitaji mtu wa kumshika.

Ramani ya injinia ilisema bomba litapita nyuma, na distrikti itachukua mita tatu kutoka kwenye uzio. Chochote kilichomo ndani ya mita tatu kitaondoka.

"Mimi sikatai," Mama Espérance aliniambia. "Kodi nitalipa, mavi ya watu nimechoka kuyazoa. Neno langu ni moja. Hizo mita zitagusa chumba cha Yaya?"

Tepu ya kampuni ilikuwa moja kwa watu wawili, na siku hiyo alikuwa nayo Ntate Molefe, mtaa wa pili. Ningengoja saa moja. Sikungoja. Ilikuwa Ijumaa, ofisi ilikuwa inanipigia simu kila nikipumua, na nilikuwa nimejifunga kitenge kiunoni juu ya sketi.

Hapa mnielewe. Mtu aliyeuza vitenge miaka ishirini ana kipimo mwilini. Piesi nzima ni sita, nusu piesi ni tatu. Sokoni hakuna anayetaja zaidi ya hapo. Mteja anasema "nikatie tatu," unamkatia, anaondoka. Kitenge nilichovaa kilikuwa nusu piesi. Ramani inasema tatu, kitenge ni tatu. Kichwani mwangu hapakuwa na swali.

Nikakifungua. Mama Espérance akashika pembe moja kwenye uzio, mimi nikavuta nyingine mpaka ukutani. Kikaishia vidole viwili kabla ya ukuta.

"Unaona? Hazifiki."

"Mama Riziki, uko unaapa?"

"Kuapa tumekatazwa. Nakuambia hazifiki."

Akaweka sahihi juu ya sinki la kufulia. Wiki haikuisha, nyumba tano za mtaa ule zikaweka, kwa sababu yeye ameweka. Nusu tukaivuka. Injinia wetu, kijana wa Kikenya aitwaye Kamau, mpole, msomi, alisimama kwa heshima yangu ofisi nzima ikitazama, akasema, "Aki Mama Riziki, wewe ndio umetuokoa." Nilirudi nyumbani Joubert Park kichwa juu.

Wiki iliyofuata nikawapelekea nakala za karatasi zao. Upepo ulikuwa mkali. Yaya Faida alikuwa amekaa nje peke yake, na ndani Mama Espérance alikuwa anasuka mteja. Nikafungua kitenge changu nikamfunika mabegani.

Mikono yake ikaanza kukitembelea. Fundi haachi. Akashika upindo, akauliza, "Hiki ndicho mlichopimia siku ile?"

"Ndicho, Yaya."

Akaweka pembe puani, akanyoosha mkono mpaka ncha ya kidole. Moja. Akasogeza. Mbili. Akasogeza tena, na mara ya tatu kitenge kikaisha kabla ya kidole.

"Nusu piesi," akasema. "Tena imefuliwa sana. Imesinyaa."

"Ndiyo."

"Nusu piesi ni yadi tatu, Mama Riziki. Injinia wenu naye anapima kwa yadi?"

Mita ni ndefu kuliko yadi. Jambo hilo nalijua tangu niko msichana, nimelijua maisha yangu yote, na siku ile halikunijia. Nikasema, "Nitaangalia, Yaya." Nikaondoka upesi kabla Mama Espérance hajatoka. Kitenge nikakiacha mabegani mwake.

Jumapili sikwenda kanisani. Mchungaji akisoma haya atajua sasa kwa nini. Wao walipokuwa wanasali, mimi niliingia uani kwao na tepu, kama mwizi. Mpangaji mmoja alichungulia dirishani.

"Mama, umepoteza kitu?"

"Sijajua bado."

Nilipima mara tatu. Ukuta wa Yaya Faida ulikuwa ndani ya mita tatu, shubiri moja na vidole vinne. Ukuta ule ule wa kitandani.

Kulikuwa na nyua nyingine tatu nilizopima kwa kitenge kile. Nikazizunguka zote siku hiyo hiyo, jasho linanitoka na upepo ni wa baridi. Huko nafasi ilikuwa kubwa, hakuna ukuta uliokaribia. Nilikaa ukingoni mwa barabara nikashindwa kufurahi.

Siku ya mwisho ya pingamizi ilikuwa Ijumaa ile inayokuja. Jumatatu nikamwambia injinia.

Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Ni sentimita thelathini tu, Mama."

"Ni ukuta."

"Atalipwa fidia, na atajengewa ukuta mwingine, umesogea ndani kidogo. Lakini akitoa sahihi yake sasa, wale watano watatoa, tutarudi chini ya nusu, na tutaanza upya mwaka ujao. Mvua zinakuja. Unajua vile hizo nyumba zitajaa." Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anasema kweli, na ndiyo maana sikulala. "Na nani mwingine anajua?" akauliza.

"Dada yake."

"Si huyo haoni?"

"Ndiye huyo."

Ntate Molefe nilimkuta anakula mkate wake nje. Nilitegemea atanigombeza, nilitamani hata anigombeze. Alitafuna mpaka akamaliza. "Ukimwambia Jumamosi, itakuwa habari tu," akasema. "Mwambie angali anaweza kufanya kitu."

"Na distrikti ikianguka?"

"Itakuwa imeanguka. Mimi nimezibua mabomba haya miaka mingi. Nitazibua tena."

Jumanne nilitoka kwenda. Nikafika kwenye robot, zile taa za barabarani, karibu na mtaa wao, taa ikawa kijani, ikawa nyekundu, ikawa kijani. Nikarudi nyumbani. Nawaambieni ili mjue kwamba miguu inaweza kukataa, na kwamba siku moja iliyopotea hivyo hairudi. Jumatano nikaenda.

Mama Espérance alikuwa mlangoni, kitana kimechomekwa nyweleni. Kitenge changu kilikuwa kimefuliwa, kimekunjwa, kiko juu ya kiti. Alinionyesha kiti kingine. Chai hakuleta.

Nikasema yote, kuanzia tepu ambayo sikuingoja. Nilisema hata ile Jumapili. Nilimwambia, "Mpaka Ijumaa saa sita mchana unaweza kuondoa sahihi yako. Karatasi ya kuondolea nimekuja nayo. Ukiiondoa, na wengine watakufuata, na distrikti haitapita mwaka huu. Usipoiondoa, ukuta utasogezwa. Mimi sikuambii ufanye lipi."

Alichomoa kitana nyweleni. "Ingekuwa ukuta wa chumba chako, ungepima na nguo?"

"Hapana."

"Tunashiriki meza moja ya Bwana, Mama Riziki."

"Ndiyo."

"Mtaa wote unaniuliza mimi, na mimi nimewaambia: Mama Riziki amepima, nimeshika pembe kwa mkono wangu." Sauti ilikuwa ya chini, na ilinichoma zaidi kuliko kelele. Akainuka, akachukua Biblia iliyokuwa kwenye meza ya kitanda, akatoa humo bahasha. "Karatasi yako kaa nayo. Barua yangu iliandikwa Jumapili. Yaya aliniambia siku ile ile ulipokimbia."

Nikageuka kumtazama Yaya Faida. Alikuwa amekaa kitandani, mgongo kwenye ukuta wake.

"Nilimwambia asiipeleke kwanza," Yaya akasema. "Nilimwambia atakuja. Jumatatu hukuja. Jana hukuja. Leo asubuhi nilikuwa nimeanza kuona aibu."

Mama Espérance akaipiga bahasha kwenye kiganja. "Huyo injinia wako aje hapa kesho, na tepu ya chuma. Asimame kwenye ukuta huu, aniambie mwenyewe. La sivyo Ijumaa naipeleka."

Kumleta Kamau ilikuwa kazi nyingine. Alisema ratiba, alisema ramani imeshapita. Nilimwambia, "Mwanangu, nitakaa hapa ofisini kwenu na jaketi hili la kung'aa mpaka utakapoinuka." Nikakaa. Baada ya saa moja akainuka.

Alipima, shubiri moja na vidole vinne, kama mimi. Yaya Faida akamwomba mkono, akauweka ukutani, kisha akatembea hatua zake nne mpaka mlangoni, mkono wa kulia bomba, kushoto kamba. Yule kijana alibaki amesimama na tepu inaning'inia. Mwishowe akauliza, kama anayejiuliza mwenyewe, "Hii mita tatu si ni ya machine?"

Ndivyo ilivyokuwa. Bomba lenyewe linataka mtaro wa upana wa mtu mmoja. Mita tatu ni za tingatinga kupita. Hapo nyuma ya chumba wakikubali kuchimba kwa sululu na koleo, ukuta unaweza kubaki. Polepole zaidi, gharama zaidi, lakini unaweza. Alikwenda kugombana na wakubwa wake, na Ijumaa asubuhi akarudi na ramani ikiwa na mstari uliobanwa mahali pamoja, na sahihi za kamati. Mama Espérance alimfanya asome neno kwa neno, kisha akamwomba mpangaji mwenye shule naye asome.

Barua aliirudisha ndani ya Biblia. Hakuichana. Distrikti ikapita.

Mwaka uliofuata wakachimba. Siku zote tatu za kuchimba nyuma ya chumba kile nilisimama pale tangu asubuhi, ingawa hakuna aliyenituma, na kila sululu iliposhuka niliisikia kwenye meno. Ntate Molefe alikaa kwenye ndoo akiwaelekeza. Bomba likalala, udongo ukarudi. Chemba za mtaa ule mpaka leo hazifumki, hata mvua ya mawe ikija.

Ninyi sasa mna simu zinazochora mstari wa bluu juu ya ua wa mtu. Vizuri. Nendeni na tepu hata hivyo, kila mtu na yake. Na kama mmeshatoa neno na mkagundua si kweli, msihesabu siku kama nilivyohesabu mimi.

Ukuta wa Yaya Faida una ufa. Ulionekana mwezi mmoja baada ya kuchimba, mwembamba kama uzi, kutoka chini mpaka usawa wa mto wa kulalia. Injinia alisema ni plasta tu. Labda. Nikienda kuwasalimia, Mama Espérance sasa ananiletea chai, lakini Yaya hanisalimii kwanza. Ananishika mkono, ananiinamisha juu ya kitanda, anaweka kidole changu kwenye ufa.

"Pima," ananiambia.

Napima, kutoka chini mpaka juu, polepole.

"Umekua?"

"Haujakua, Yaya."

Naye anakipitisha kidole chake palepale nilipopitisha changu, mpaka ahakikishe, ndipo tunakaa.